Siku Moja Mjini Berlin

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee na walimu wa Handeni na Korogwe)

Nimetakiwa ninene habari za safari yangu ya Ulaya. Lakini habari za safari nzima hazitaenea katika saa moja, wala si zote zenye faida. Kwa hiyo nimechagua siku moja tu, Jumamosi moja ya mwezi wa Juni mwaka 2025, ambayo naliitumia kutembea katika mji wa Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, pamoja na rafiki yangu mzaliwa wa Korogwe. Nitawaelezeni tuliyoyaona na tuliyoyala, kwa kufuata jua lilivyokwenda. Sikuichagua siku hiyo kwa kuwa ilikuwa ya fahari kuliko nyingine. Naliichagua kwa sababu siku hiyo, katika mji ulio mbali hivyo, nalikutana na majina ya kwetu mara nyingi kuliko ninavyokutana nayo katika mitaa ya Dar es Salaam.

Rafiki yangu huyo ni Msambaa, nami ni Mzigua. Twaliketi dawati moja shuleni, kisha riziki ikamchukua. Leo yeye ni dereva wa mabasi ya mji ule, ana mke na binti wa miaka tisa, na njia za Berlin anazijua kama nizijuavyo mimi njia za kwenda mtoni. Siku ile ilikuwa zamu yake ya kupumzika.

Twalianza kwa kula, saa moja ya asubuhi. Chakula cha asubuhi cha Wajerumani ni mkate. Si boflo tulijualo sisi, bali ni vijimikate vya duara, vigumu kwa nje na laini kwa ndani, ambavyo watu huvinunua alfajiri vikiwa vya moto. Hupasuliwa kati vikapakwa siagi, kisha hutiwa jibini, au asali, au huliwa pamoja na yai la kuchemsha. Nyama iliyokatwa nyembamba kama karatasi huwapo mezani pia, na nyingi ni ya nguruwe. Lakini mwenyeji wangu anajua kuwa mimi ni Mwislamu, basi nyama hiyo aliiacha huko huko dukani. Kahawa yao ni nyingi na nyepesi, hunywewa kwa kikombe kikubwa. Maji ya kunywa huchotwa bombani wala hayachemshwi, na kwa siku mbili za kwanza nalikuwa nikiyatazama kwanza kabla ya kuyanywa.

Kisha twalishuka chini ya ardhi kupanda gari la moshi. Nasema gari la moshi kwa mazoea, kwa maana moshi hakuna. Linakwenda kwa umeme. Ajabu yake ni kwamba hakuna lango wala mtu wa kukuzuia kuingia. Unanunua tiketi kwa mashine, unaigonga mhuri mwenyewe, unaketi. Siku nyingine huenda ukasafiri juma zima usiulizwe. Lakini wako wakaguzi waliovaa nguo kama za abiria wengine, nao husimama ghafula baada ya milango kufungwa, na asiye na tiketi hutozwa Yuro 60. Nalimwuliza rafiki yangu kwa nini hawaweki lango. Akanijibu, "Mwalimu, lango lataka mtu wa kulilinda. Faini hujilinda yenyewe."

Njia tuliyoipanda ina habari yake. Kutoka mwaka 1961 hata 1989 mji wa Berlin ulikuwa umekatwa kwa ukuta, upande mmoja serikali hii na upande wa pili serikali nyingine. Njia hiyo ilianza upande wa magharibi, ikapita chini ya upande wa mashariki, ikatokea tena magharibi. Kwa muda wa miaka hiyo 28 magari yalipita polepole katika stesheni nyingi za mashariki bila kusimama, taa hafifu, na askari wamesimama gizani wakiyatazama. Ndugu walipita chini ya miguu ya ndugu zao. Leo vijana hupanda na kushuka hapo huku wakila mikate yao.

Twalishukia stesheni iitwayo Afrikanische Straße, yaani Barabara ya Afrika. Hapo pana mtaa mzima wenye majina ya Afrika, ulioanza kupewa majina hayo mwaka 1899, wakati Wajerumani walipokuwa watawala wa Togo, Kameruni, Namibia ya leo na nchi yetu. Alikuwako tajiri mmoja, jina lake Carl Hagenbeck, mfanya biashara ya wanyama, ambaye alikusudia kujenga karibu na hapo bustani ya kuonyesha wanyama, na pamoja nao watu, kutoka makoloni. Vita vya mwaka 1914 viliuzuia mpango huo. Bustani haikujengwa, majina yakabaki.

Basi twalitembea kwa miguu. Kulikuwa na Barabara ya Zanzibar, wao huandika Sansibarstraße. Kulikuwa na Barabara ya Uganda na ya Kongo. Twalipinda, nikaona kibao kimeandikwa Tangastraße. Nalisimama. Ni mtaa wa kawaida: nyumba za ghorofa, baiskeli zimefungwa kwenye vyuma, mwanamke anasukuma mtoto katika kigari. Watu hao huandika Tanga katika barua zao kila siku. Kisha twalifika Usambarastraße, na hapo rafiki yangu alijiegemeza kwenye nguzo kama mtu aliyefika barazani kwake, akasema, "Karibu kwetu." Nalitafuta Handeni kila pembe, haikuwako. Alinicheka mpaka tukavuka barabara. Nami nalimkumbusha kwamba Korogwe pia haimo, na kwamba yeye anajitapa kwa mlima ilhali nyumba yao iko bondeni.

Lakini jambo kubwa la mtaa ule ni jina lililoondolewa. Iko njia pana yenye miti, ambayo mwaka 1939, chini ya utawala wa Hitler, iliitwa Petersallee kwa heshima ya Carl Peters. Wazee mnalijua jina hilo. Wenyeji wa mtaa, Waafrika na Wajerumani pamoja, walilipinga kwa miaka mingi. Mwaka 1986 wakubwa wa mji walitafuta hila nzuri: walisema kwamba kuanzia sasa Peters anayeheshimiwa si yule, bali ni Peters mwingine, mwanasheria Hans Peters aliyempinga Hitler. Jina lenyewe halikubadilika hata herufi moja. Hila hiyo haikuwaridhisha watu, na tarehe 23 Agosti 2024 jina liliondolewa kabisa. Sehemu moja ya njia ile sasa yaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa jina la mwanamke shujaa wa Namibia, na sehemu ya pili yaitwa Maji-Maji-Allee.

Nalisoma kibao hicho mara tatu. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hata 1907 havikufika kwetu Handeni, lakini hakuna mwalimu hapa asiyevifundisha, wala asiyejua ya kuwa watu wengi zaidi walikufa kwa njaa kuliko kwa risasi, kwa kuwa mashamba na maghala yalichomwa moto makusudi. Sasa mtu wa Berlin akitaka kuletewa kitanda kipya kutoka dukani hana budi kumwambia mwenye duka: leteni Maji-Maji-Allee. Rafiki yangu, ambaye ni mtu wa mizaha, hakufanya mzaha hapo. Alisema tu kwamba jina lile lilipobadilishwa yeye alikuwapo katika umati.

Tukarudi katika gari lile lile, tukashukia stesheni ya Jumba la Makumbusho ya Viumbe. Hapa naomba mnivumilie, maana nitakaa kidogo.

Ukiingia tu, unamwona. Amesimama katikati ya ukumbi mkubwa, mifupa mitupu, shingo imekwenda juu mpaka karibu na kioo cha dari. Urefu wake kutoka chini hata kichwani ni mita 13.27, yaani kama nyumba ya ghorofa nne, na husemwa kwamba katika dunia nzima hakuna mifupa ya mjusi wa kale iliyosimamishwa mirefu kama hii. Wataalamu humwita Giraffatitan. Aliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Kwao ni Tendaguru, kilima kilichoko upande wa kaskazini magharibi ya Lindi.

Habari yake ni hii. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, jina lake Sattler, aliona mfupa mkubwa ukitokeza ardhini. Mwaka 1909 wataalamu wa Berlin walikuja kuchimba, wakaendelea hata 1913. Nasema "wataalamu walichimba" kwa sababu ndivyo ilivyozoeleka kusemwa. Lakini walioshika majembe na patasi walikuwa watu wa nchi ile, mia kadhaa kwa wakati mmoja, na wakati mwingine walifika mia tano. Mifupa zaidi ya tani 200 ilifungwa kwa udongo na mianzi, ikachukuliwa kwa vichwa na mabega hata bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa, ikapakiwa merikebuni. Tazameni miaka yenyewe. Nchi ile ndiyo iliyokuwa imetoka katika Maji Maji miaka miwili tu kabla yake. Watu waliobeba mizigo ile walikuwa wamezika jamaa zao kwa njaa.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Huyu alikuwa fundi hasa: aliweza kuufukua mfupa uliopasuka, akausafisha na kuufunga usivunjike. Kwa muda mrefu jina lake lilikaa katika daftari za wazungu tu. Mwaka 2007 mtaalamu mmoja alipomtambua mjusi wa namna nyingine katika mifupa ya Tendaguru alimpa jina la fundi huyo: Australodocus bohetii. Basi Boheti yumo katika vitabu vya elimu vya dunia nzima. Nalifurahi kulijua hilo, lakini nalijiuliza ni watoto wangapi wa shule za Lindi, au hizi zetu, wanaolijua.

Hapo rafiki yangu nami twaligombana kidogo, na ugomvi huo twaliuchukua mpaka mahali pa kulia. Yeye alisema mifupa ikae Berlin: inatunzwa vizuri, watoto kwa maelfu huja kuitazama, na ikirudishwa itavunjika njiani, au itafungiwa sandukuni isionekane. Mimi nalimwambia kwamba maneno hayo yanafanana na ya mtu aliyeazima ng'ombe wa jirani, akamnenepesha, kisha akakataa kumrudisha kwa sababu amemnenepesha. Akasema, "Ng'ombe huyu hakuazimwa, Mwalimu, maana hamkujua kuwa mnaye." Nikamjibu kwamba waliokuwa wakilima juu ya mifupa ile waliijua kabla ya Sattler, wasichokijua ni bei yake. Shauri langu, nalo nalisema mbele yenu bila kuogopa, ni kwamba hata kama mjusi hataweza kusafiri, Lindi inastahili nyumba ya kuwaonyesha watoto wake mifano kamili ya mifupa hiyo, na sehemu katika fedha zinazokusanywa mlangoni kwa ajili yake. Rafiki yangu alikubali neno la mifano. La fedha alisema nilipeleke Bungeni.

Tukala. Katika Berlin, chakula cha njiani chenye sifa ya zamani ni soseji iliyokatwa vipande ikamiminiwa nyanya na bizari. Mwanamke mmoja, Herta Heuwer, aliianza mwaka 1949, wakati mji ulipokuwa magofu baada ya vita. Soseji hiyo kwa kawaida ni ya nguruwe, basi nalipita. Mimi nalikula chakula cha Waturuki. Mwaka 1961 serikali ya Ujerumani Magharibi iliandikiana na Uturuki kuleta wafanya kazi wa viwandani. Walidhaniwa watakaa miaka miwili mitatu wakarudi makwao. Hawakurudi, na katika miaka ya 1970 walianza kuwauzia watu wa Berlin nyama inayozungushwa mbele ya moto juu ya chuma kirefu, ikachongwa kwa kisu, ikatiwa ndani ya mkate pamoja na kabichi, vitunguu na mtindi wenye kitunguu saumu. Leo kila pembe ya mji yauza nyama hiyo, na Wajerumani wenyewe huihesabu kuwa chakula chao. Ni tamu sana. Mmoja wanamshiba watu wawili wasio na tamaa. Mimi nalimaliza wangu.

Tulipokuwa tukila alipita mzee, Mjerumani, amevaa koti safi, akichungulia ndani ya mapipa ya taka na kutoa chupa tupu. Nalidhani amepoteza kitu. Kumbe chupa zina rehani: ukirudisha dukani chupa ya plastiki unapewa senti 25 za Yuro. Wenye fedha huzitupa, na wazee ambao pensheni yao haitoshi huziokota. Rafiki yangu alimpa zetu mbili kwa mikono miwili. Nalisimulia jambo hili kwa ajili ya vijana wetu wanaodhani kwamba huko hakuna mhitaji.

Baada ya hapo twalielekea kwenye lango maarufu la Brandenburg, lenye nguzo kumi na mbili, lililojengwa mwaka 1788 hata 1791. Wageni ni wengi kama siku ya gulio, kila mmoja ameinua simu yake. Karibu nalo ni jumba la Bunge, na juu yake kuba la kioo lililomalizika mwaka 1999, ambamo raia hupanda na kutembea juu ya vichwa vya wabunge wao. Mambo haya ni mazuri, lakini picha zake mmeziona. Mimi nalikuwa na haja ya barabara iliyo nyuma yake tu, iitwayo Wilhelmstraße.

Katika barabara hiyo palikuwa na jumba la Waziri Mkuu Bismarck. Humo, kutoka tarehe 15 Novemba 1884 hata 26 Februari 1885, walikutana wajumbe wa mataifa 14, Waturuki na Wamarekani wakiwa miongoni mwao, kushauriana juu ya Afrika. Ukutani ilitundikwa ramani kubwa ya Afrika. Mwafrika hakuwamo. Sayyid Barghash wa Unguja hakualikwa. Jumba hilo halipo tena. Mahali pake pamejengwa nyumba za kupanga, na kibao cha ukumbusho kimesimamishwa kando ya njia. Mtu asiyekijua hukipita.

Sasa sikilizeni linalotuhusu sisi. Wakati mabwana wale walipokuwa wakiketi humo, Carl Peters alikuwa huku kwetu. Alivuka kutoka Unguja mwezi wa Novemba 1884, akapita bara kwa haraka na karatasi zake za Kijerumani, na katikati ya Desemba alikuwa amekwisha kurudi Unguja. Katika karatasi hizo machifu na majumbe waliwekewa alama, ya kwamba wametoa nchi zao milele. Mmoja wao ni yule Mangungo wa Msovero, ambaye hata leo mtu akitia sahihi jambo asilolielewa huambiwa ameingia mkataba wa Mangungo. Peters alizichukua karatasi hizo mpaka Berlin. Mkutano ulimalizika tarehe 26 Februari 1885. Siku iliyofuata, tarehe 27, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitia sahihi hati ya kuziweka nchi hizo chini ya ulinzi wake. Nchi zilizotajwa kwa majina ni nne: Usagara, Nguu, Ukami, na Uzigua.

Uzigua, wazee wangu. Ndiyo hii tuliyokalia. Jina ambalo sikuliona katika vibao vya mtaa wa Afrika limo katika hati ile ya kwanza. Barghash alipopinga, manowari za Wajerumani zilifika mbele ya jumba lake tarehe 7 Agosti 1885, zikaelekeza mizinga. Wazigua walikuwa na jibu lao pia, maana Bwana Heri wa Saadani alipigana na Wajerumani tangu 1888, wakachoma maboma yake, akajenga mengine, hata Aprili 1890. Nalisimama mbele ya kibao kile kwa muda. Mvua ndogo ilianza kunyesha, nikafungua mwavuli. Mwanamke mmoja mwenye mbwa alituuliza kama tumepotea njia. Rafiki yangu alimjibu kwa adabu kwamba hatukupotea.

Kutoka hapo si mbali mpaka uwanja wa Potsdamer Platz, ambapo zamani palikuwa na jumba kubwa la kulia na kunywa, jina lake Haus Vaterland. Kila ukumbi ulipambwa kwa mfano wa nchi moja ya dunia. Katika jumba hilo alifanya kazi ya kuwaandalia watu meza kijana wa Dar es Salaam, Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye Ujerumani alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa mwaka 1904, baba yake askari. Vita vya 1914 vilimkuta mtoto, naye akatumika katika jeshi la Wajerumani. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Hakulipwa. Alikaa, akaoa, akapeleka sahani mezani, akaigiza katika filamu, akawasaidia walimu wa Kiswahili katika chuo kikuu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akafungwa katika kambi ya Sachsenhausen, akafa humo tarehe 24 Novemba 1944.

Rafiki yangu alinipeleka Brunnenstraße, nyumba namba 193, alikokaa. Chini, katikati ya mawe ya njia ya miguu, kimetiwa kijibamba cha shaba kama kiganja cha mkono, chenye jina lake, tangu mwaka 2007. Mtu hulazimika kuinama ili asome. Rafiki yangu alitoa kitambaa mfukoni akakisugua, nikafahamu kwamba haikuwa mara yake ya kwanza. Twalimsomea Fatiha, mimi kwa sauti, yeye, ambaye ni Mkristo, amevua kofia.

Saa kumi ya alasiri ni saa ya Wajerumani ya kahawa na keki, na jirani wa rafiki yangu, bibi mwenye miaka themanini na zaidi, alikuwa ametualika. Keki yake ilikuwa ya matunda mekundu ya msimu ule, na malai juu. Dirishani alikuwa ameweka vyungu saba vya maua madogo ya zambarau, majani yake yana manyoya kama sikio la sungura. Rafiki yangu alimwomba anitajie jina la ua lile. Akasema, "Usambaraveilchen." Alilitamka Usambara vizuri kabisa, kama mtu wa Lushoto. Lakini alidhani ni jina la mtu aliyeligundua!

Nalimweleza. Katika miaka ya mwanzo ya 1890 afisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona ua hilo likiota penye miamba na kivuli, akapeleka mbegu kwao. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland aliliandika kwa jina la afisa huyo, Saintpaulia, na kutoka hapo likaenea madirishani mwa dunia nzima. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamtazama rafiki yangu, jirani yake wa miaka mingi, akamwuliza kwa nini hakumwambia siku zote kwamba maua yale ni ya kwao. Alitaka kunipa jani moja nije nalo, kwa maana jani lake likipandwa huota. Nalimshukuru nikaliacha, kwa sababu mimea haivushwi mipaka bila hati. Lakini mnajua hali ya misitu yetu. Huko limejaa kila dirisha; huku kwenye miamba yake linapungua kwa kadiri miti ya kulifunika inavyokatwa.

Usiku tulikula bada. Unga wa muhogo tuliununua katika duka la Waafrika karibu na nyumbani; ulitoka Afrika ya Magharibi, ukashika vibaya, lakini samaki mkavu aliuokoa. Jua lilikuwa bado mbinguni, kwa kuwa mwezi wa Juni huko magharibi huingia saa tatu na nusu ya usiku. Binti wa rafiki yangu alisikia tukizungumza habari za Wilhelmstraße, naye anafundishwa habari hizo shuleni. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata: hao babu waliotia alama kwenye karatasi, walidhani wanatia alama ya nini?

Nalimwambia kwamba maneno ya Peters yamechapwa, na maneno ya babu hao hayakuandikwa na yeyote aliyekaa karibu nao. Wasambaa walimpata Abdallah bin Hemedi, akawaandikia Habari za Wakilindi. Sisi Mochiwa alituandikia Habari za Wazigua, kitabu kilichotoka mwaka 1954. Lakini karatasi za 1884 ziliihusu nchi hii hii, na wako humu wazee waliosikia kwa babu zao nani alikuja, alitoa nini, alisema nini, na watu wa Bwana Heri walipita njia gani. Nimeahidi kumpelekea mtoto yule jibu.

Kwa hiyo nimenunua daftari. Nitakuwa hapa hapa shuleni kila Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri. Wazee wa upande wa Korogwe, ambako njia ni ndefu, nitawafuata mwenyewe wakinipa habari siku ya gulio. Jina la msemaji litaandikwa juu ya ukurasa wake, pamoja na jina la aliyemsimulia. Asiyejua kuandika na aje aseme tu, nami nitaandika.